Krotoni ya Hai Malakal

Suzan alinipigia simu asubuhi nikiwa nimepiga magoti kwenye kitalu changu, napangusa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji na maziwa kidogo. Alisema mambo mawili tu. Kwamba mama yake, Mama Anjelina, ameaga alfajiri baada ya kuugua wiki tatu. Na kwamba ameacha neno: azikwe nyumbani, Hai Malakal, kando ya mtoto wake wa kwanza, penye lile ua. "Wewe ndiye unalijua lile ua, dada Poni," alisema. "Njoo uwaonyeshe wachimbaji. Hatutaki wamguse mtoto." Nilimpa pole, nikasema nakuja. Kisha nikabaki pale pale na kitambaa mkononi, nikipangusa jani moja ambalo lilikwisha kuwa safi, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa na miaka ishirini, kila nilipoogopa. Nilipoinuka lile jani lilikuwa limechanika.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa tatu baada ya amani kutiwa saini. Sitaanza na wazazi wangu, wala na kambi ya Uganda nilikokulia. Hayo yana mahali pake. Naanza na chumba. Kilikuwa Juba, mtaa wa Hai Mauna, nyuma ya fundi wa kuchomelea vyuma, kuta za udongo na bati juu, hatua nne kwa tano. Najua kwa sababu nilikipima kwa kamba siku ya kwanza. Nilikipanga pamoja na Mama Topista, mwanamke wa Mukono aliyekuja Juba kwa basi na sufuria tatu, akafungua hoteli ya chakula Hai Malakal: kibanda cha matete, mabenchi mawili, maharage, posho, yaani ugali, na siku nzuri samaki wa mto kwenye mchuzi wa karanga. Kitanda chake kilikuwa upande wa mlango, mkeka wangu chini ya dirisha, na kati yetu, kila mahali palipobaki, palijaa madebe. Yalikuwa madebe ya mafuta ya msaada, niliyoyatoboa matundu chini kwa msumari na kuyapaka rangi nyeupe. Katika kila debe palikuwa na mmea wa majani ya rangi. Koleusi zenye majani ya zambarau na ukingo wa kijani. Kaladi zenye masikio mapana ya waridi. Na krotoni, ambazo nilizipenda kuliko zote, za manjano, nyekundu, na nyeusi inayong'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Sisi sote tuliyaita maua, ingawa hakuna aliyeyangojea yachanue. Watu walitaka jani.

Na watu walitaka kweli. Juba ya mwaka ule ilikuwa vumbi, maturubai, na makontena meupe yaliyoshushwa na kuitwa ofisi. Kila mgeni aliyefungua ofisi ndani ya kontena aliangalia dirishani siku mbili, siku ya tatu akatafuta kitu cha kijani. Nilikuwa na kazi nyingi kuliko nilivyoweza kuifanya, na sikuwa na mwalimu. Nilijifunza kwa kuua. Niliua koleusi kwa jua, kaladi kwa maji mengi, krotoni kwa kuzihamisha mara mbili kwa mwezi. Kila kifo nilikiandika kwenye daftari la shule lenye mistari: tarehe, idadi ya majani, udongo wa aina gani, kosa langu. Nilikuwa napanga madebe kwa urefu, kisha kwa rangi, kisha nayapangua yote kwa sababu moja limeinama. Jani lenye tundu la mdudu nililikata, na nikishalikata upande ule, nilikata la upande wa pili ili yalingane, mpaka mmea ukabaki uchi. Mama Topista alikuwa akiniangalia kutoka kitandani, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi baada ya kusimama jikoni kutwa.

"Banange," alisema, "huyu mtoto anapanga majani kama askari ya gwaride. Jani ikikohoa, anapeleka hospitali. Mimi nikikohoa, ananiambia sogea, unatikisa kaladi."

"Unaitikisa kweli, Mama Topista."

"Kale, haya. Nitakufa kando, nisikusumbue."

Tulikuwa tunacheka. Nataka niliseme hilo, kwa sababu ninapoukumbuka mwaka ule hukumbuka hofu tu, na hofu haikuwa yote.

Asubuhi nilimsaidia Mama Topista kuosha vyombo, kisha nikaenda kutafuta vipandikizi. Ndivyo nilivyoiona. Nyumba tatu kutoka kwenye kibanda chetu palikuwa na kiwanja kilichoachwa. Paa halikuwepo, kuta zimebaki kiunoni, nyasi zimepanda hadi kwenye tundu la dirisha. Na katikati ya nyasi ilisimama krotoni moja ndefu kunipita, majani marefu yaliyojisokota kama utepe, mekundu yanayokaribia weusi, na katikati ya kila jani mshipa wa manjano. Sijaiona nyingine ya namna ile hapa Juba, hata leo. Kuzunguka shina lake palikuwa na mawe meupe yamepangwa duara, mengine yamezama nusu. Nilimuuliza mwanamke muuza chai aliyekaa ng'ambo ya njia nyumba ile ni ya nani. "Mafi zol," alijibu, hamna mtu, bila kuinua macho kwenye birika. "Wenyewe walikimbia vita. Ua unataka? Chukua, kabla mbuzi hazijachukua."

Niliyatazama yale mawe muda mrefu. Mtu yeyote aliyekulia kijijini angejiuliza kwa nini mti umezungushiwa mawe ndani ya kiwanja cha nyumba. Mimi niliona mtu nadhifu, mtu kama mimi, aliyependa mmea wake usimame mahali pake. Nilijiona mimi mwenyewe, basi nikaacha kuangalia. Siku ile nilikata vipandikizi vitano, nikavichomeka kwenye mchanga na kuvifunika kwa nailoni, na wiki ya sita viwili vilikuwa na mizizi. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Mvua za kwanza zilipoanza, hoteli moja ya makontena kando ya mto ikaniita. Meneja wake alikuwa Mkenya, kijana wa haraka haraka, shati limenyooshwa mpaka unaogopa kulikaribia. Alitaka mmea mmoja mkubwa wa kusimama mapokezi, siku ya ufunguzi. "Si hizi vitoto, Poni," alisema akionyesha madebe yangu. "Nataka kitu mtu akiingia anasema, ala!" Nilimwambia ninao. Nilisema ninao kabla sijafikiri, na nilipokuwa narudi nilikuwa tayari nauona umesimama pale, na watu wakisema ala.

Niliung'oa asubuhi, saa ambayo muuza chai bado hajawasha moto. Udongo ulikuwa laini kupita nilivyotegemea. Sehemu nyingine za Hai Malakal ukichimba unapita udongo mweusi kiasi cha kiganja, kisha unagonga changarawe nyekundu ngumu, mistari miwili kama imechorwa kwa rula. Pale hapakuwa na mistari. Mweusi na mwekundu vilikuwa vimechanganyika mpaka chini, na mizizi ilitoka bila kupigana. Niliandika kwenye daftari, na daftari hilo ninalo: "Udongo laini, umechanganyika, mzuri sana. Mawe meupe 9, yanafaa kuweka chini ya debe maji yapite." Nilipima urefu wa shina. Nilihesabu matawi. Nilipima kila kitu isipokuwa mahali. Na nilipomaliza, kwa sababu siwezi kuacha fujo nyuma yangu, nilifukia shimo, nikalikanyaga, nikachukua tawi la mwarobaini na kulifagia mpaka ukadhani hapajawahi kuguswa. Utomvu wa krotoni ulikuwa umenidondokea kwenye gauni langu la njano, hapa juu ya goti. Unapodondoka ni kama maji. Baadaye unakuwa kahawia, na hautoki. Nimelifua kwa sabuni, ndimu, na majivu. Haukutoka.

Hotelini watu walisema ala, siku mbili. Siku ya tatu majani yakaanza kuanguka. Nilijua kwamba krotoni iliyohamishwa hununa na kumwaga majani, nilikuwa nimeliandika hilo mimi mwenyewe. Lakini ile haikununa, ilikuwa inajivua. Nilikwenda kila siku kuipangusa, na kila nilipoligusa jani lilibaki mkononi. Yalianguka mazima, rangi zake zote, bila doa. Meneja alinipeleka pembeni. "Poni, aki, hii ua yako ina shida gani? Mfagiaji anajaza ndoo kila asubuhi. Jana mgeni mmoja ameniuliza kama kuna mtu amekufa hapa." Alicheka, nami nikacheka. Wiki ya tatu waliiweka nyuma ya jiko, karibu na jenereta, fimbo tupu ndani ya debe jeupe.

Siku niliyosikia habari yenyewe nilikuwa nyuma ya kibanda cha Mama Topista, nimechuchumaa kando ya ukuta wa matete, naosha sahani. Upande wa pili walikuwa wanakula. Nakumbuka chakula: posho, na kombo, yaani mboga za majani zilizopikwa na siagi ya karanga, na harufu ya karanga ilikuwa inapenya kwenye matete pamoja na sauti. Kulikuwa na mwanamke mgeni aliyeshuka siku ile kwenye lori kutoka Uganda, na binti yake wa miaka kama kumi na nne. Sikuwaona. Nilisikia kijiko kikigonga sahani, kisha kikaacha.

"Kula, mama," Mama Topista alisema. "Safari ni mrefu ile. Unaacha chakula, mimi nitafikiri sijui kupika."

"Umepika vizuri, dada. Ni mimi tu iko mbaya." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyekwisha kulia barabarani. "Mimi nilikimbia hapa na tumbo ya huyu Suzan. Mkubwa yake nilimzika nyumbani, mimi na jirani mmoja. Risasi ilikuwa inalia, makaburini huwezi fika. Emanueli. Miaka nne. Sikuwa na msalaba, sikuwa na kitu. Kwetu mtu akizikwa nyumbani, tunapanda kwa kichwa yake kitu ambayo haikufi haraka. Nilivunja tawi kanisani, nikapanda. Nikaweka mawe. Nikasema, nyumba inaweza anguka, lakini hii nikirudi nitaona, nitasema, hapa ndio yeye." Nilisikia akisogeza sahani. "Miaka kumi na tano kule kambini nilikuwa nafunga macho, naiona na majani yake nyekundu. Leo nimefika. Wallahi, dada, ni udongo tu. Sawasawa kama hii meza."

"Ni ile greda," alisema mwanamume mmoja. "Shemeji yako alileta greda wiki iliyopita, asafishe kiwanja mkuje mjenge. Hakujua. Alikuwa Khartoum muda yote."

"Huyo sitaki hata kumwona."

Sahani niliyoshika nilikuwa nimeiosha tayari. Niliiosha tena. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini sikusimama pale pale nikazunguka ule ukuta wa matete, hatua sita, saba. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nafikiri juu ya daftari. Kwamba nimeandika tisa. Kwamba nimeandika mzuri sana.

Mama Topista hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameliona gauni, alikuwa ameyaona mawe nilipokuwa nayapanga ndani ya debe, na jioni ile aliingia chumbani, akakaa kitandani bila kuomba beseni lake.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Utamwambia."

"Nitamwambia. Ngoja nipate maneno."

"Maneno ya nini? Ni neno mbili. Nilichukua, nisamehe." Alinitazama nikianza kupanga madebe. "Poni. Acha hiyo majani. Unajua kwa nini watu ya hapa hawakujui, miezi yote hii? Kwa sababu unataka watu waone majani, wasikuone wewe. Huyo mama atakutukana. Atakupiga pengine. Kesho yake bado utakuwa hai, utakula posho yangu."

"Na kama hatanisamehe?"

"Kale, hatakusamehe. Lakini atajua mtoto yake iko wapi."

Hapo ndipo palipouma, na Mama Topista hakujua. Nilikuwa nimekwenda kwenye kile kiwanja mchana huo huo. Kuta zilikuwa zimeondolewa, nyasi, tundu la dirisha, mwarobaini, vyote. Greda lilikuwa limeacha uwanja mtupu ulionyooka kutoka uzio hadi uzio. Nilitembea juu yake nikihesabu hatua kutoka njiani, nikapata mahali, nikahesabu tena nikapata pengine. Mimi niliyepima chumba changu kwa kamba sikujua palipokuwa pamesimama mti mrefu kunipita. Nilikuwa nimepafagia mwenyewe.

Nilikwenda kuichukua ile fimbo hotelini kwa boda, debe mapajani. Chini ya mizizi iliyooza mawe yalikuwapo, yote tisa. Niliyaosha. Nikachukua kimoja kati ya vile vipandikizi viwili nilivyokuwa nimevikuza, chenye majani sita tayari yanaanza kuwa mekundu, na Jumapili baada ya kanisa nikaenda. Mama Anjelina alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya kiwanja kitupu, Suzan akimsuka. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Niliyaweka mawe chini mbele yake, na debe kando.

Hotuba yangu niliifanyia mazoezi njia nzima. Ilianza na neno "nilichukua". Lakini aliyatazama mawe, kisha akanitazama usoni, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijawahi kuona uso ukifunguka kwa ajili yangu. Nikasikia sauti yangu ikisema: "Mama, nilipita hapa kabla ya greda. Niliona ua linataka kufa, nikalichukua niliokoe. Lile kubwa halikupona. Lakini hili ni tawi lake lenyewe."

Aliokota jiwe moja moja, akalifuta kwenye kitenge, akahesabu. "Tisa," alisema. "Nilitoa kule mlima ya Jebel siku risasi ilinyamaza, kwa mikono yangu. Miezi tisa nilimbeba, nikasema mawe tisa." Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaibusu viganja, mikono yenye udongo kwenye kucha. "Mungu alikutuma wewe, binti yangu. Ungekuwa hukuja, ile shemeji angenimalizia mtoto mara ya pili." Suzan alikuwa analia bila sauti, kichana mkononi. Kisha Mama Anjelina akasimama, akatazama ule uwanja mtupu, akaniuliza swali nililokuwa nimekimbia kutoka Hai Mauna mpaka pale. "Sasa ilikuwa wapi? Hapa, ama pale?"

Ningeweza kusema sijui. Ilikuwa kweli, na hata ndani ya uongo wangu ingekaa vizuri. Nani angeshangaa, baada ya greda? Lakini msichana aliyeokoa ua, aliyehifadhi mawe tisa, angewezaje kutojua? Niliona uso ule unaanza kufungika. Nikatembea hatua kumi na moja, nikasimama, nikakanyaga kwa kisigino. "Hapa," nikasema.

Tukapanda pale. Mawe tukayazungusha. Na ni mawe ndiyo yaliyomwaminisha, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Tangu siku ile sikuwa na mahali pa kusimama pa kusema. Mama Anjelina alijenga nyumba yake ikiutazama mmea. Mchana alitandika mkeka kando yake akalala, na akiamka alizungumza, mambo ya kawaida, bei ya sukari, Suzan amefaulu darasani, mvua imechelewa. Mimi nilikwenda kila kiangazi kuukatia matawi, kwa sababu alinitaka mimi tu, na aliniwekea chai na mandazi, na nilikunywa. Krotoni ilikua vizuri. Sijawahi kukuza kitu kikakua vizuri namna ile. Na shemeji yake hakupatana tena. Kwa hadithi yangu shemeji alizidi kuwa na hatia, na alikufa hawajasalimiana. Vita viliporudi, Mama Topista alifunga kibanda akarudi Mukono, na watu wa mtaa wakapakia magodoro. Suzan alimpigia mama yake magoti waende Arua, Uganda. Nilikuwepo. "Nendeni," Mama Anjelina alisema. "Mimi nilimwacha mara moja." Akabaki peke yake, na risasi, na lile ua, mahali nilipopachagua kwa kisigino. Mama Topista huwa anapiga simu, na kabla ya salamu huuliza, "Umemwambia?" Mwaka baada ya mwaka nimemjibu, "Bado." Nimekuwa na kitalu kikubwa, watu wananiita Mama Maua, nimefundisha wengine kukata na kupanda. Kila ninapomwonyesha mtu namna ya kuchimba, namwambia kwanza aweke vigingi vinne na kamba. Wananiona nina masharti mengi.

Baada ya simu ya Suzan nilifika Hai Malakal jua halijawa kali. Wanawake walikuwa wanamenya vitunguu chini ya turubai, wanaume wa kanisa wamesimama na sururu na majembe. Krotoni ilikuwa imelipita paa. Mmoja wa wachimbaji, mwenye shingo nene, alinisalimu kwa heshima. "Karibu, Mama Maua. Tunakungoja wewe. Mtoto analala upande gani? Kichwa ni hapa kwa ua, tunajua. Lakini miguu imeelekea wapi?"

Suzan alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, anangoja jibu rahisi.

"Sijui," nilisema.

"Hujui vipi, dada Poni? Si wewe ulimwonyesha Mama?"

Nikasema. Mama Topista alikuwa amekosea, hayakuwa maneno mawili, lakini hayakuwa mengi. Ua niling'oa mimi, si kwa kuliokoa, bali kwa kuliweka hotelini. Shimo nililifagia. Mahali nilipomwonyesha nilibahatisha. Wanawake walikuwa wameweka visu chini. Mzee mmoja akasema, "Ya Rabbi," polepole, kama anaweka mzigo chini. Suzan hakunipiga, hakunitukana. Alinijia akasimama karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Tulipokuwa tunakimbia," alisema, "alibaki kwa sababu ya hapa."

"Najua."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Akanyoosha kidole kwenye mmea. "Ng'oa," akasema. "Wewe mwenyewe. Atalala hapo hapo. Kama Emanueli yuko, watakutana. Kama hayupo, ni hapo alipomlilia."

Walinipa jembe. Niliyaondoa mawe tisa nikayaweka kwenye kitenge. Nilikata matawi, utomvu ukanidondokea, sikuukwepa. Changarawe ilipigana na mizizi, ilinichukua saa nzima, na hakuna aliyenisaidia, nami sikutaka. Kisha wachimbaji wakaendelea, taratibu, mmoja kwa mikono, na mimi nikapiga magoti ukingoni nikitazama ukuta wa shimo ukishuka. Udongo mweusi, kiasi cha kiganja. Chini yake changarawe nyekundu. Mistari miwili, kama imechorwa kwa rula. Udongo ukishachimbwa hata mara moja haurudi kwenye mistari yake. Walifika magotini, kiunoni, kifuani.

Suzan alikuwa ananitazama mimi, si shimo. Nikatikisa kichwa. "Hayupo," nikamwambia.

Tulimzika Mama Anjelina saa tisa. Kichwani kwake nilipanda tawi, nikaweka vigingi, nikapima kutoka kona mbili za nyumba na kutoka nguzo ya lango, nikamwandikia Suzan kwenye karatasi, naye akaikunja akaitia kifuani bila kunishukuru. Mawe sikuyapanga. Alinyoosha mkono, nikampa, akaingia nayo ndani. Kisha sala ikaisha, na watu wakaanza kuondoka. Hakuna aliyekatiza kiwanja. Walipita pembeni, mmoja nyuma ya mwingine, mabega yakigusa uzio, watoto wameshikwa mikono, kila mtu akiangalia chini kabla ya kuweka mguu, kwa sababu sasa wote walijua kwamba yuko hapa mahali fulani, na hakuna aliyejua ni wapi.